Mwanachama Anapouliza: Somo kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi

Katibu wa chama cha msingi huajiriwa kwa kujua kuandika leja, kutoa stakabadhi, kutunza ghala na kuandaa taarifa. Mambo hayo hupimwa siku ya usaili, na mkaguzi huyatazama kila anapofika. Ipo kazi nyingine ambayo hakuna anayempima kwayo siku ya kuajiriwa, ingawa ataifanya karibu kila siku mpaka atakapoondoka: kazi ya kuwajibu wenye chama. Somo hili linahusu maswali magumu, yaani yale yanayoulizwa mbele za watu, yanayogusa fedha, na ambayo anayeulizwa angependa yasingeulizwa.

Mfano unaofuata umetungwa kwa ajili ya somo, na tarakimu zake ni za kujifunzia tu. Hata hivyo, katibu aliyekaa kazini misimu mitatu hatauona mgeni.

SWALI LA KILO KUMI NA MBILI

Ni mkutano mkuu wa chama cha wakulima wa kahawa. Ajenda ya malipo ya pili imefikiwa, jua limekwisha kupanda, na watu wamechoka na mabenchi. Mama mmoja mtu mzima, aliyeingia chamani baada ya mumewe kufariki, anasimama nyuma ya ukumbi akiwa na stakabadhi mkononi.

"Ndugu Mwenyekiti," anasema, "mimi nilileta kahawa kilo sitini. Stakabadhi ni hii hapa. Leo naambiwa nimelipwa kwa kilo arobaini na nane. Naomba kuuliza, kilo zangu kumi na mbili zimekwenda wapi?"

Ukumbi unacheka, kisha unanyamaza. Katibu, ambaye mpaka hapo alikuwa akisoma taarifa kwa sauti nzuri, anajibu bila kuinua macho: "Mama, hayo ni mambo ya kiwandani. Kahawa ikikobolewa hupungua, kila mtu anajua. Ukitaka zaidi, taarifa imebandikwa pale mlangoni."

Mama anaketi. Haulizi tena siku hiyo wala mkutano uliofuata. Msimu mwingine unapofika analeta chamani kilo ishirini. Zilizobaki zinaondoka usiku kwa mlanguzi ambaye bei yake ni ndogo, lakini kilo yake ni moja tangu inapopimwa mpaka inapolipwa.

KOSA LILIPO

Katibu hakusema uongo. Kahawa ya ganda, yaani ile iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa huku bado ina ganda lake jembamba, hupungua uzito inapokobolewa. Kwa kawaida kilo 100 za kahawa ya ganda hutoa kilo 80 hivi za kahawa safi; huzidi au hupungua kidogo kulingana na ukavu wake na wingi wa punje zilizoharibika. Kwa hiyo kilo 60 kuwa kilo 48 si ajabu.

Kosa liko kwingine. Mama aliomba hesabu, akapewa methali. Aliambiwa kwamba kila mtu anajua, maana yake asiyejua ni yeye peke yake, na hilo likasemwa mbele ya majirani na wakwe zake. Kisha akaelekezwa kwenye taarifa ambayo, kama zilivyo taarifa nyingi za vyama, ilikuwa na jumla za chama kizima na haikuwa na mstari hata mmoja unaoeleza kilo 60 zinavyokuwa 48. Hakuna aliyemfukuza. Alichofanya ni kupima mwenyewe thamani aliyopewa, naye akaamua.

Historia ya ushirika hapa nchini ina ushahidi wa maswali yaliyokosa majibu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao mwaka 1925, nao ukafuatiwa na chama kikuu cha KNCU mwaka 1933. Miaka iliyofuata bei ya kahawa duniani ilikuwa mbaya, malipo ya mkulima yakashuka, na wakati huohuo kulikuwa na amri iliyomtaka auze kahawa yake kwa chama peke yake. Wakulima waliuliza kwa nini walipwe kidogo na kwa nini wasiuze watakapo. Mwaka 1937 ghasia zikazuka na baadhi ya maghala ya vyama yakashambuliwa. Itakuwa si haki kusema kwamba maelezo mazuri peke yake yangeizuia siku ile, kwa kuwa njaa ya fedha na amri ya kulazimishwa vilikuwa vitu halisi. Lakini mtu ambaye hajaelezwa bei ilivyopatikana hawezi kutofautisha soko lililoanguka na mkono ulioiba, na ghala lililo mbele yake ndilo analoliona.

Kwa upande mwingine, swali gumu ndilo lililozaa vyama. Mashaka juu ya mizani ya wanunuzi wa pamba yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma wakulima wa Kanda ya Ziwa kuanzisha vyama vyao mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likaundwa mwaka 1955. Waliuliza mzani unasemaje. Ni jambo la kusikitisha kwamba leo anayeuliza hivyo ndani ya chama chake mwenyewe huitwa mkorofi.

KUJUA LINALOULIZWA

Maneno "kilo zangu zimekwenda wapi" yanaweza kubeba maswali matatu. La kwanza ni la ukoboaji: kahawa hupunguaje? La pili ni la mzani: je, zile sitini zilikuwa sitini kweli? La tatu ni la wizi: nani amezichukua? Jibu la swali la kwanza halimridhishi mwenye swali la tatu, bali humzidishia shaka, kwa kuwa huona kama amekwepwa.

Kwa sababu hiyo katibu hana budi kuuliza kabla ya kujibu. "Mama, nimekusikia. Unataka nikueleze kilo zinavyopungua kiwandani, au una wasiwasi na mzani wetu siku ile ulipopima?" Asiulize kama hakimu anayembana shahidi. Aulize kama mtu anayetaka kupeleka mzigo kwenye nyumba inayostahili. Aghalabu mwanachama atalitaja la moyoni mwake papo hapo, nalo huwa dogo kuliko lilivyoogopwa.

Inafaa pia katibu alirudie swali kwa sauti ili ukumbi wote ulisikie, na aliandike. Kuliandika kuna faida mbili. Mwenye swali huona kwamba neno lake limeingia kitabuni, na katibu hupata nusu dakika ya kutulia. Jibu baya la mkutanoni mara nyingi huzaliwa katika nusu dakika hiyo.

Ikiwa shaka ni ya mzani, maneno hayatasaidia. Mzani utolewe nje, muhuri wa Wakala wa Vipimo uonyeshwe pamoja na tarehe yake, na liwekwe jiwe la uzito unaojulikana mbele ya wote. Chama kisicho na jiwe la kujaribia mzani wake kijinunulie. Bei ya jiwe moja hailingani na gharama ya msimu mmoja wa minong'ono.

HESABU UBAONI

Sasa ichukuliwe kwamba Katibu yule, badala ya kusema kila mtu anajua, angesema: "Mwenyekiti naomba ubao, na naomba dakika kumi niende ofisini kuchukua faili."

Katika faili la msimu angekuta hati ya kiwanda cha kukoboa. Hati hiyo inaonyesha kwamba chama kilipeleka kahawa ya ganda kilo 24,000, na kahawa safi iliyotoka ni kilo 19,680. Katibu anaandika tarakimu hizo ubaoni, anagawanya, na hapo anasita. Kilo 19,680 katika 24,000 si asilimia 80. Ni asilimia 82.

Yeye alipoandaa orodha ya malipo alitumia asilimia 80, kama alivyofanya mtangulizi wake, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka. Msimu huu kahawa ilikauka vizuri na punje zilikuwa nzito. Kilo zilizogawiwa wanachama katika orodha ni 19,200, lakini chama kikuu kimekilipa chama kwa kilo 19,680. Kilo 480 zimelipiwa na hazikugawiwa. Bei ya mnada kwa mfano huu ni shilingi 8,000 kwa kilo ya kahawa safi, na makato yote pamoja, yaani usafirishaji, ukoboaji na ushuru wa chama, ni shilingi 900. Anayebakiwa na shilingi 7,100 ni mkulima. Mara 480, hizo ni shilingi 3,408,000, zimelala katika akaunti ya chama. Hakuna aliyeziiba. Hakuna aliyejua kwamba zipo.

Hesabu ya yule mama basi inakuwa hivi. Kilo zake 60 zimetoa kahawa safi kilo 49.2, si 48. Zilizopotea kwa kukobolewa ni kilo 10.8. Kwa shilingi 7,100 kila kilo, haki yake yote ni shilingi 349,320. Siku aliyoleta kahawa alipewa malipo ya awali ya shilingi 4,000 kwa kila kilo ya ganda, yaani shilingi 240,000. Malipo ya pili yanayomstahili ni shilingi 109,320. Orodha ya Katibu ilikuwa na shilingi 100,800. Mama anakidai chama radhi na shilingi 8,520.

Hapa ndipo lilipo fundisho lenyewe la mfano huu. Jibu la kwanza, lile la kila mtu anajua, halikuwa na adabu, na juu ya hayo halikuwa sahihi. Kahawa ilipungua kweli, lakini haikupungua kiasi kile. Aliyejibu kwa mazoea alikuwa amefanya hesabu kwa mazoea, na hakuna mtu mwingine ukumbini ambaye angeligundua hilo isipokuwa mjane mwenye stakabadhi moja. Swali gumu mara nyingi ni ukaguzi wa bure.

Wapo makatibu watakaosema kwamba kuyatoa mambo hayo mbele ya mkutano ni kujivua nguo. Fedha zile zingeonekana vilevile siku ya ukaguzi, na mkaguzi asingeuliza kwa upole wa yule mama. Tena zingeandikwa kwa wino.

SWALI LA BEI

Baada ya kilo, swali linalofuata huwa la bei. "Kwa nini bei ya mnada ni elfu nane na mimi napata elfu tano na kitu?" Kwa tarakimu zilizotajwa, shilingi 349,320 kwa kilo 60 za ganda ni shilingi 5,822 kwa kilo. Katibu aonyeshe waziwazi kwamba elfu nane ni bei ya kilo safi na elfu tano na kitu ni ya kilo ya ganda, kisha asome makato moja moja na hati yake. Asiseme "makato ya kawaida". Neno hilo katika mikutano ya ushirika limefanya madhara makubwa.

Mtu atainuka aseme kwamba mlanguzi alilipa shilingi 5,000 taslimu. Inapasa kukubali lililo kweli. Mlanguzi alilipa shilingi 300,000 kwa kilo zilezile, mkononi, siku ileile. Chama kimelipa shilingi 49,320 zaidi, lakini sehemu yake imekuja baada ya miezi, na ada ya shule haingoji miezi. Katibu anayesema faida na kuficha kungoja hataaminiwa hata katika faida. Na ikitokea msimu ambao hesabu ya chama ni ndogo kuliko ya mlanguzi, hilo nalo lisemwe pamoja na sababu zake, kwa kuwa wanachama wanaijua tayari. Kitu wasichokijua ni kama katibu wao atathubutu kuitamka.

Bei inaposhuka, katibu ajue angalau habari ndogo ya soko. Kahawa ya mnada wa Moshi imetajwa kwa miaka mingi kwa dola kwa kilo 50, na bei ya arabika hufuata soko la New York. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 iliipandisha bei sana, na wazee wengi wanaukumbuka mwaka 1977 kwa mabati waliyoezekea. Mwezi Julai 1989 mapatano ya nchi za kahawa juu ya mgawo wa mauzo yalivunjika, na bei ikaanguka. Mzee aliyeishi nyakati hizo mbili ataelewa maelezo ya sentensi nne kuliko atakavyoelewa maneno "hali ya soko la dunia", ambayo hayamwambii kitu.

NENO "SIJUI"

Swali linaloshika makatibu wengi pabaya ni fupi kabisa: "Fedha zitatoka lini?"

Katibu hajui. Lakini watu arobaini wamesimama barazani, baadhi wametembea tangu alfajiri, na mdomo unasema wenyewe: "Wiki ijayo, Ijumaa." Ijumaa inafika, watu wanarudi, wengine wamekwisha kukopa dukani kwa ahadi ile. Fedha hazipo. Kuanzia siku hiyo kila atakalosema katibu litapunguzwa kama kahawa iliyokobolewa, hata akiwa na hati mkononi.

Neno "sijui" halimwaibishi mtumishi likifuatwa na mambo mawili: lile analolijua, na siku atakayorudi. Kwa mfano: "Wazee wangu, tarehe siijui. Ninalojua ni kwamba shehena yetu ya pili imeuzwa mnadani, na fedha zake hazijaingia katika akaunti ya chama mpaka jana jioni. Jumatano nakwenda chama kikuu. Ijumaa saa tatu nitabandika karatasi hapa ubaoni, hata kama itasema bado." Maneno manne ya mwisho yana uzito kuliko yote. Mwanachama huweza kuvumilia "bado" iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Asichokivumilia ni ukimya baada ya ahadi.

Kila chama kingefaidika kuwa na daftari la maswali. Halihitaji fomu kutoka mahali popote. Daftari la shule lililopigwa mistari latosha, lenye tarehe, jina la muulizaji, swali kama alivyolisema, anayepaswa kujibu, siku ya jibu, na jibu lenyewe. Liwekwe mezani kwenye kila kikao cha bodi. Maswali ambayo hayajajibiwa yasomwe kabla ya ajenda nyingine. Chama chenye maswali matatu yanayofanana katika mwezi mmoja kina jambo linalohitaji kurekebishwa, si watu watatu wakorofi.

YASIYOJIBIWA HADHARANI

Si kila swali lina haki ya kujibiwa na katibu, wala si mbele ya kila mtu. Akiulizwa fulani anadaiwa kiasi gani katika mkopo wa pembejeo, asitaje. Hesabu ya mwanachama mmoja ni siri yake na chama. Lakini akatae kwa kutoa sababu: "Ndugu, deni la mtu siwezi kulitaja hapa, kama nisivyoweza kulitaja lako. Jumla ya madeni ya chama nitakusomea sasa hivi." Kukataa kwa namna hiyo humlinda hata aliyeuliza.

Yapo maswali ya bodi, kama vile sababu za kumwachisha mtumishi kazi, na yapo ya mkutano mkuu wenyewe, kama kiwango cha ushuru. Katibu ayapeleke panapohusika, tena aseme ameyapeleka kwa nani na lini yatasikilizwa. Masharti ya chama hutaja vitabu ambavyo mwanachama anaruhusiwa kuvitazama. Katibu ayajue vifungu hivyo kabla hajamzuia mtu mlangoni. Kanuni ya pili kati ya kanuni saba zilizopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika huko Manchester mwaka 1995 inasema chama huendeshwa na wanachama na waliochaguliwa huwajibika kwao. Kanuni hiyo huning'inia katika ofisi nyingi ndani ya fremu ya kioo, mara nyingine juu ya kabati lisilofunguliwa.

Hoja za ukaguzi nazo ni maswali, ingawa zimeandikwa kwa taipu. Kuzijibu kwa "hoja imezingatiwa" ni kuzirudisha mwakani. Hoja hujibiwa kwa namba ya hati, tarehe, na nakala iliyoambatishwa. Kama hati haipo, isemwe haipo.

"NANI AMEKULA?"

Swali hili huja mwishoni, saa ambayo watu wamekasirika. Tuhuma zikiwa juu ya mwingine, mathalani mifuko 14 ya mbolea isiyoonekana ghalani, katibu asitaje jina na asitetee rafiki. Aseme leja ya ghala inaonyesha nini, mbolea iliyohesabiwa ni mingapi, nani amepewa kazi ya kuchunguza, na taarifa italetwa lini. Asiape. Kiapo cha katibu hakijawahi kuwa kiambatisho cha hesabu.

Tuhuma zikiwa juu yake mwenyewe, la kufanya ni gumu zaidi na ni moja: aikabidhi ajenda hiyo kwa Mwenyekiti, aweke vitabu na funguo mezani, na aombe wahesabu wengine. Mtu safi atapoteza siku mbili za kazi. Asiyekuwa safi atapoteza zaidi, na ndivyo inavyostahili.

Itasemwa kwamba wapo wanaouliza kwa hila. Ni kweli. Yupo aliyeshindwa uchaguzi wa bodi anayetaka kumwona katibu akigugumia. Huyo naye ajibiwe kwa tarakimu zilezile na sauti ileile, kwa kuwa jibu halimwendei yeye peke yake. Nyuma yake wamekaa watu sitini ambao walikuwa na swali hilohilo na hawakuwa na ujasiri wa kusimama.

Na yule mama? Katika mfano, Katibu aliyekwenda kuchukua faili alimaliza hesabu yake ubaoni, akageuka, akasema: "Mama, uliuliza kilo kumi na mbili. Zilizopungua ni kumi na nukta nane. Kilo moja na ushei ilikuwa kosa langu, na si lako peke yako, ni la kila aliye hapa. Naomba radhi. Bodi ikiridhia, orodha mpya itatoka kabla ya mwisho wa mwezi." Ukumbi haukucheka. Mama alikunja stakabadhi yake, akaitia kwenye pindo la khanga, akasema: "Haya mwanangu. Sasa nimeelewa."

ZOEZI LA VIKUNDI

Wajumbe wa bodi na vikundi vya kujifunza wajadili jambo lifuatalo kabla ya mkutano mkuu ujao. Katika mkutano, kijana mmoja anauliza kwa nini wanachama wanakatwa fedha za kumalizia ghala wakati posho za bodi zimezidi makisio. Katibu anafahamu kwamba zimezidi kwa shilingi 600,000, na muhtasari wa kikao kilichoziidhinisha uko kwenye mkoba wake. Mwenyekiti, aliyeketi kando yake, anamnong'oneza: "Waambie tutalishughulikia." Andikeni jibu la Katibu kwa maneno yake mwenyewe, lisizidi sentensi tano, kisha lisomeni kwa sauti mbele ya mwanachama ambaye hakuwamo katika kikundi, na mwulizeni ameelewa nini.